Elfu Thelathini Hairudi

Nililipa kwa ajili ya Nasri. Siku tatu,
chakula na godoro, kambi ya karate Msangamkuu,
elfu thelathini, risiti ina mhuri.
Alfajiri ya safari mwanangu kajifunika gubigubi:
mama, siendi, nimeghairi.
Na pesa ya korosho ikishatoka mfukoni
haina adabu ya kurudi.

Basi nikavaa mimi.
Suruali nikaikunja mikunjo miwili,
mkanda mweupe nikaufunga kama kibwebwe,
nikapanda kivuko na wanafunzi wa Rahaleo.
Wakaniamkia shikamoo. Walidhani mpishi.

Mwalimu, Sefu Nangumbi, ni fundi redio wa Chikongola,
vidole vyake vina makovu ya lehemu.
Hakucheka. Alinitazama miguu.
Mama, panua. Zaidi.
Ardhi hiyo hujaikopa kwa mtu.

Tukapanga mistari, mchanga bado una baridi ya usiku,
akaanza kuhesabu Kijapani.
Wenzangu walisikia tarakimu.
Mimi nilisikia: ichi, nikadhani nchi.
Ni.
Ni nini? Hakusema, akaniacha na swali hewani.
San, na ngumi yangu ikaenda, lakini si sana.
Tano, sita na saba zilinipita
kama basi la Masasi lililojaa.
Nane kwao ni hachi.
Haachi! nikaitikia kwa sauti,
mstari mzima ukageuka.
Nani haachi? akauliza mwalimu.
Mimi, nikasema, ila magoti yanaacha.

Usiku tulikula ming'oko kwa chai ya rangi.
Nililala darasani kati ya mabinti kumi na mmoja,
mapaja yanawaka kama nimepalilia ekari mbili,
na mmojawao, katikati ya ndoto, akaipiga ndoo teke.

Siku ya pili nikapangwa na Fadhna Chitanda,
miaka kumi na miwili, mkanda wa chungwa,
jino la mbele nusu.
Akainama. Nikainama.
Nimeinama sana mimi: kwenye jembe, kwenye mafiga,
kwa wakwe, kwenye kidirisha cha karani wa benki.
Sijawahi kuinama
nikamkuta wa mbele yangu naye ameinama,
kichwa chake na changu kimo kimoja.
Nikaduwaa na jambo hilo, nikasahau kujikinga.
Akanifagia mguu. Nikaona mawingu,
nikatafuna mchanga.
Samahani, mama, akasema,
kisha akakunja uso kama mwalimu:
Ukianguka usishike hewa. Haina mpini.

Nilianguka mara arobaini mchana ule.
Ile ya arobaini niliipenda.

Cheti nimepewa, kina jina la Nasri.
Amekibandika ukutani, hana haya.

Jumatatu nikarudi ghalani, mimi na mzani wangu,
magunia yamelala foleni hadi kwenye geti,
vumbi la korosho linawasha macho.
Na yule bwana wa kila msimu akaja na goti lake.
Huliegemeza pembeni mwa gunia, kama amechoka,
hulinyanyua gunia kidogo, kidogo tu,
na kilo mbili za Bi Somoe Likwata
zinapotea mbele ya macho ya watu.
Misimu sita nimeliona goti hilo.
Misimu sita nimekohoa, nikaandika.

Sikumpiga. Nani aliyesema
nilikwenda kujifunza kupiga?
Niliweka kalamu juu ya daftari.
Nikapanua miguu. Zaidi.
Akanitazama, akatabasamu, akasema andika, mama, jua kali.
Bi Somoe alikuwa anakunja ncha ya kanga yake,
anakunja, anakunjua.
Foleni ikanyamaza hadi getini.
Nikahesabu kimoyomoyo, kwa lugha ileile ya kuazima,
nikafika nane,
nikasimama hapo.